Mmea wa Majini Ulao Wadudu na Namna ya Kuuotesha kwa Mbegu: Mfano wa Mabonde ya Kyela

Somo hili limekusudiwa kwa watumishi wa Serikali walioko katika kilimo, afya na elimu, na kwa wakaazi wote walimao au waishio kando ya maji yaliyotulia. Mfano wake unatoka Kyela, pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, katika Mkoa wa Mbeya. Hata hivyo, mkulima wa Cheju au Bumbwisudi aliyezoea kusimama ndani ya maji ya mpunga hatakuwa mgeni wa haya yatakayoelezwa.

Wilaya ya Kyela ni nchi ya maji. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka nyanda za juu, ikafika uwandani na kupoteza kasi yake kabla ya kuingia ziwani. Mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, na kilele chake ni kati ya Machi na Mei. Katika miezi hiyo majaruba ya mpunga, vidimbwi vya kando ya barabara na mikono ya mito iliyokatika hujaa maji yasiyokwenda mahali. Watu wengi huyaona maji hayo kuwa ni ya mpunga, kambare na mbu tu, na wengi hawajui kwamba maji ya namna hiyo ni makao ya mimea ipatayo sehemu ya riziki yake kwa kuwinda.

Mmea tunaoukusudia huelea chini kidogo ya uso wa maji, mfano wa nyuzi za kijani zilizotatizana. Hauna mizizi hata mmoja. Mpaliliaji huuzoa pamoja na magugu mengine na kuutupa ukingoni, wala hana sababu ya kuutazama mara ya pili isipokuwa wakati wa maua, pale kikonyo chembamba kinapochomoza juu ya maji kikiwa na maua madogo ya manjano, au meupe yenye mistari ya zambarau, kwa kutegemea aina. Wataalamu huuita Utricularia, jina litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya kiriba kidogo. Hapa tutauita mmea wa vibofu.

Duniani kuna aina zaidi ya 200 za mmea huu, na nyingi kati ya hizo huishi katika udongo wenye majimaji wala si ndani ya maji. Mtaalamu wa mimea Peter Taylor, wa Bustani ya Kew nchini Uingereza, aliziorodhesha zile za Afrika ya Mashariki katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Miongoni mwa zile zielekeazo majini hapa Tanzania ni Utricularia gibba, iliyo nyembamba kama uzi wa kushonea, na Utricularia stellaris na Utricularia inflexa, ambazo kikonyo cha ua lake huzungukwa na maboya yaliyojaa hewa, yakapangika kama nyota juu ya maji. Mwenye kuiona nyota hiyo hana haja ya kuuliza tena. Asiyeiona na achukue bilauri ya kioo, atie maji safi na kipande cha mmea, kisha ainyanyue kuelekea mwanga. Vinundu vidogo vya kijani vilivyoshikamana na majani, ambavyo vikizeeka huwa vyeusi, ndivyo vibofu vyenyewe.

Kibofu kimoja kwa kawaida hakizidi milimita chache, lakini ustadi uliomo ndani yake umewasumbua wataalamu kwa zaidi ya karne moja. Si mtego wa kunata kama ulimbo wa ndege. Ni mtego wa kuvuta. Vinyweleo vilivyomo ndani husukuma maji nje pole pole, hata kuta za kibofu zikabonyea kama shavu la mtu anayefyonza. Mlangoni pana kifuniko kilichobana barabara, na mbele yake nywele chache zilizosimama. Mdudu akizigusa, kifuniko hufunguka kwa ndani, kuta hurudi katika umbo lake, na maji yaliyo mbele ya mlango huingia kwa nguvu yakiwa na mdudu ndani yake. Kifuniko hujifunga papo hapo. Watafiti waliopiga picha za kasi, na kutangaza matokeo yao mwaka 2011, walikuta kwamba kuvutwa huko hakuchukui hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Charles Darwin, aliyeandika kuhusu mimea hii mwaka 1875, alidhani kwamba wadudu hujisukuma wenyewe kwa kichwa mpaka ndani. Tusimlaumu, kwani jambo lenyewe halionekani kwa jicho.

Mdudu akishaingia huyeyushwa, na mmea hupata naitrojeni na fosforasi ambazo maji yake hayana za kutosha. Chakula cha nguvu mmea hujitengenezea kwa mwanga wa jua kama mimea mingine yote. Basi uwindaji huo ni kama kitoweo, si ugali. Kwa sababu hiyo mmea hustawi katika maji maskini na safi, na hutoweka katika maji yaliyolishwa mbolea, kwa kuwa huko mwani huota upesi zaidi na kuuzima. Afisa wa kilimo aukutapo mmea wa vibofu ukistawi jarubani amepata khabari fulani ya hali ya maji yale bila ya kutumia kipimo chochote.

Sasa tufike penye jambo lenyewe. Wadudu waliwao na mmea huu ni wengi wa wale wasioonekana kwa urahisi: viroboto wa majini, minyoo midogo, na pia viluwiluwi vya mbu vinapokuwa vichanga. Mwaka 1970, M. Gibson na K. S. Warren walitangaza katika jarida la Shirika la Afya Duniani kwamba vibofu hunasa pia vijidudu vya kichocho, wale watokao katika mayai na wale watokao katika konokono. Mwaka 2020 watafiti nchini Marekani waliweka viluwiluwi vya mbu aina ya Aedes pamoja na mmea wa vibofu wa kwao, na karibu viluwiluwi vyote vilimalizika katika siku chache. Mtu akisikia khabari hizi mbili, na huku watoto wake wanaugua malaria na kichocho, ni jambo la kawaida kabisa aseme: basi na tukauchukue huo mmea kwa vikapu, tuutie katika dimbwi la kijiji.

Hilo lisifanywe, na sababu zake zinahitaji kuelezwa kwa utulivu.

Majaribio yote mawili yalifanywa ndani ya vyombo, ambamo windo halina mahali pa kukimbilia. Dimbwi ni kitu kingine. Viluwiluwi vya mbu wa malaria hukaa kwenye uso wa maji, na maficho yao bora ni yaleyale majani yaeleayo. Ama kichocho, mzunguko wake hupita katika konokono wa maji baridi. Mgonjwa hujisaidia majini au karibu na maji, mayai yanaanguliwa, kijidudu humwingia konokono, na baada ya wiki kadhaa konokono huyo hutoa vijidudu vingine kwa maelfu, ambao hupenya ngozi ya mtu yeyote aliyeingia majini. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Yaani palipo na mmea wa vibofu ndipo penye wao pia. Mwenye kubeba kikapu cha mmea kutoka bonde moja hadi jingine hubeba, bila kujua, konokono wachanga na mayai yao yaliyogandamana na majani kama ute. Anakwenda kuondoa ugonjwa, kumbe anaupeleka.

Tuongeze neno moja kuhusu ziwa lenyewe. Katika fukwe za kusini za Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, watafiti wamehusisha ongezeko la kichocho tangu miaka ya 1980 na kupungua kwa samaki walao konokono kutokana na uvuvi uliozidi kiasi. Anayetaka kiumbe cha kumsaidia dhidi ya kichocho na aanze kwa kumwacha samaki huyo akue. Choo, dawa ya prazikwanteli itolewayo skulini, na chandarua kitandani hazina mbadala wa majani.

Kwa nini basi tuuoteshe? Kwanza kwa elimu. Mwalimu wa sayansi mwenye beseni moja la mmea huu na kioo cha kukuzia anaweza kufundisha kwa wiki nzima bila ya kufungua kitabu. Pili, mabonde yanapungua. Vidimbwi hufukiwa, mito huelekezwa kwingine, mbolea huongezeka, na mmea usiojulikana na mtu hauna wa kuusemea. Na njia ya kuupata bila ya konokono ni mbegu. Kipande cha mmea hakisafishiki kwa yakini, lakini mbegu huweza kuchambuliwa, kusuuzwa na kukaguliwa moja moja. Tena mbegu ndiyo njia ya mmea wenyewe: bonde likikauka nyuzi zote hufa, na kinachobaki matopeni kungojea mvua ni mbegu.

Kukusanya. Wakati wake ni mwishoni mwa mvua, maji yanapoanza kupungua na vikonyo vya maua kulala. Tunda ni kijidonge cha mviringo cha milimita chache. Likiwa kijani liachwe. Likiwa la hudhurungi na kuanza kulegea ndipo lichukuliwe. Mkusanyaji asiingie majini miguu mitupu, wala asiwatume watoto. Atumie mwanzi mrefu wenye ndoana, avae viatu vya mpira na glavu, na achukue matunda machache katika kila kundi ili bonde lisikose mbegu ya mwakani. Matunda yapasuliwe nyumbani juu ya karatasi nyeupe. Mbegu ni ndogo, kiasi cha punje ya ulezi au chini yake, na za aina nyingine zina ukingo mwembamba kama bawa. Zisuuzwe mara tatu kwa maji ya mvua katika kitambaa chepesi, na kila kisichokuwa mbegu kitupwe motoni.

Mbegu zigawanywe mafungu mawili. La kwanza lipandwe mbichi. La pili likaushwe kivulini, litiwe katika bahasha na kusubiri mvua zijazo, kama ambavyo lingesubiri katika tope lililokauka. Atakayelinganisha mafungu hayo mawili atajua tabia ya mbegu za bonde lake, jambo ambalo hakuna mtu wa mbali awezaye kumwambia.

Maji. Hapa ndipo wengi huharibu. Yanayofaa ni maji ya mvua tu, yaliyokingwa baada ya paa kusafishwa na mvua ya mwanzo. Maji ya bomba yana dawa. Maji ya visima yana chumvi, na kwa Visiwani, ambako visima vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi ambayo mimea hii haiivumilii. Zichukuliwe konzi mbili za majani makavu ya matete, zichemshwe vizuri ili kuua mayai ya konokono, kisha zilazwe katika beseni pana lenye kina cha sentimita 15 hadi 20 na kuachwa wiki mbili au tatu. Maji yatageuka rangi ya chai nyepesi. Rangi hiyo si uchafu. Huwazuia mwani, na majani yanapooza pole pole hutoa hewa ya ukaa ambayo mmea hauwezi kuipata kwa mizizi wala kwa majani ya hewani.

Kusia. Sahani ya kina kifupi itandazwe tope jembamba lililochemshwa, lisilo na mbolea, na juu yake maji ya sentimita mbili au tatu. Mbegu zinyunyizwe juu na zisifukiwe. Sahani iwekwe mahali penye mwanga mwingi lakini pasipo jua kali la mchana. Kuanzia hapo ni subira. Mbegu hazioti kwa pamoja kama mahindi; baadhi hutoka baada ya wiki chache na nyingine hukaa, kwa hiyo sahani isimwagwe mapema. Mche unapotoka hufanana na kijishada cha nywele. Usitafute mzizi, kwa maana hata ndani ya mbegu hakuna chembe ya mzizi. Kibofu cha kwanza huonekana mapema sana, mche ukiwa bado hauzidi ukucha. Ukifika sentimita tatu au nne na kuanza kuelea wenyewe, uhamishiwe katika beseni la maji ya rangi ya chai.

Chakula. Maji ya dimbwini yasichukuliwe ovyo. Nyasi kavu zilowekwe katika chupa ya maji ya mvua kwa siku kadhaa, na vijidudu vitokeavyo humo, visivyoonekana kwa jicho, ndivyo vinavyolingana na vibofu vichanga. Matone machache kila baada ya siku tatu yanatosha. Mmea ukishakua, mwalimu anayetaka kuulisha viroboto wa majini kutoka jarubani ayachuje maji kwa kitambaa kizito ili konokono wasipite, kisha ayaache ndani ya ndoo iliyofunikwa kwa saa 48 kabla ya mtu yeyote kuyagusa. Vijidudu vya kichocho vikikosa mwili wa kuingia huishiwa nguvu katika muda huo.

Mbolea isitiwe kabisa. Mwandishi wa somo hili aliwahi kutia konzi moja ya samadi kwa kudhani anausaidia mmea. Baada ya wiki moja maji yalikuwa mazito na ya kijani kama mlenda, na mmea haukuonekana tena. Mwani ukianza uondolewe kwa kuzungushwa kwenye kijiti, kila siku, mpaka mmea upate nguvu.

Tahadhari nyingine ni ya mbu wenyewe. Beseni la maji ya mvua lililowekwa barazani ni mazalio mazuri ya mbu aina ya Aedes, waenezao homa ya dengi, ugonjwa uliozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Miche michanga haiwezi kuwala viluwiluwi. Kwa hiyo kila beseni lifunikwe kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, na kikaguliwe mara kwa mara. Ingekuwa aibu kwa mmea wa kula viluwiluwi kuwa sababu ya kuvizalisha.

Wapo watakaouliza kuhusu mmea wa Aldrovanda, ambao mitego yake hujifumba kama kombe mdudu anapoigusa. Umewahi kukusanywa katika nchi kadhaa za Afrika, lakini duniani kote umepungua sana na umo katika orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka. Mbegu zake ni ngumu kuoteshwa. Watafiti waliotangaza matokeo yao mwaka 2016 waliona kwamba huharibika upesi zikikaushwa na kuhifadhiwa, na kwamba gesi ya ethilini huziamsha. Hiyo ndiyo gesi itokayo katika ndizi zinazoiva, na inayofanya kazi shimoni mtu anapovundika mkungu. Kyela na Rungwe hawana upungufu wa ndizi, lakini tunasihi asiwepo wa kuufanyia mmea huu majaribio kwa haraka. Atakayedhani ameuona auache ulipo, na ampe khabari afisa wa kilimo au wa mazingira aliye karibu.

Watumishi wanakumbushwa pia mambo mawili ya sheria kwa upande wa Tanzania Bara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za maziwa na mito zinazoweza kuharibu mazingira yake, na ukanda huo ndio wenye vidimbwi vingi tunavyovizungumzia. Aidha, mimea na mbegu kutoka nje ya nchi ziko chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Asiagize mtu mmea wa vibofu wa kigeni kwa kuwa una maua makubwa zaidi. Gugu maji nalo lililetwa Afrika kwa uzuri wa ua lake, na Ziwa Victoria limekuwa likihangaika nalo tangu mwisho wa miaka ya 1980. Hata mbegu za hapa nchini zisivuke kutoka bonde hadi bonde. Za Kyela zioteshwe Kyela, na za Visiwani Visiwani.

Kila bahasha ya mbegu iandikwe jina la bonde, tarehe ya kukusanya, rangi ya ua, na kama maji yalikuwa yamepata mbolea au la. Skuli itakayomaliza kazi yake isirudishe kitu dimbwini. Maji ya beseni yamwagwe juu ya ardhi kavu yenye jua, mbali na mtaro, kisima na konde la mpunga. Mmea uliozidi uanikwe mpaka ukauke kabisa, kisha uchomwe pamoja na majani ya matete yaliyokuwa chini yake.